Ngazi ya kulombi: namna ya kupima umeme mdogo

Wakati wa kiangazi, siku ambayo hewa ni kavu, chukueni kitana cha plastiki. Kateni vipande vya karatasi, vidogo kama punje za mtama, mviweke juu ya meza. Kisugueni kitana kwa nywele kavu au kwa kitambaa cha sufu, mara ishirini. Halafu kikaribisheni kwenye vile vipande, lakini msiviguse. Mnaona nini? Vipande vinaruka na kushikamana na kitana. Punde vingine vinaanguka tena.

Nani amevivuta? Si upepo, wala si gundi. Ni umeme. Wayunani wa kale walikwisha kuliona jambo hili. Wao hawakuwa na plastiki. Walisugua kaharabu, yaani utomvu wa miti ya zamani sana uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe. Katika lugha yao kaharabu iliitwa elektron, na katika neno hilo limetoka jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya.

Umeme wa kitana ni mdogo. Umeme wa radi ni mkubwa, unapasua mti na kuua ng'ombe. Lakini ni kitu kimoja. Basi tutajifunza namna ya kuupima, na namna ya kutoka kipimo kidogo kwenda kikubwa bila kupotea njia.

1. Chaji ni nini?

Vitu vyote vimefanyika kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomi. Ndani ya atomi mna chembe nyingine, ndogo zaidi, ziitwazo elektroni. Kitana kikisuguliwa kwa nywele, elektroni nyingine zinatoka katika nywele na kuhamia katika kitana. Kitana kimezidishiwa, nywele zimepungukiwa.

Hakuna elektroni iliyozaliwa hapo, wala hakuna iliyopotea. Ukimpa ndugu yako maembe matatu, yeye amezidishiwa matatu, nawe umepungukiwa matatu; lakini hesabu ya maembe yote ya nyumbani ni ile ile. Ndivyo ilivyo kwa elektroni.

Ule uzidifu au ule upungufu tunauita chaji ya umeme. Kitu chenye elektroni za kuzidi kina chaji hasi, na alama yake ni –. Kitu kilichopungukiwa kina chaji chanya, na alama yake ni +. Chaji mbili zinazofanana hufukuzana. Chaji mbili zisizofanana huvutana.

2. Kulombi

Kila kitu kina kipimo chake. Unga tunaupima kwa kilo, nguo kwa meta, mafuta kwa lita. Na chaji ya umeme tunaipima kwa kulombi. Tunaiandika kwa ufupi kwa herufi C.

Jina hilo limetoka kwa Mfaransa mmoja, Charles-Augustin de Coulomb. Alizaliwa katika mji wa Angoulême mwaka 1736. Alikuwa mhandisi wa jeshi, akakaa miaka mingi katika kisiwa cha Martinique akisimamia ujenzi wa ngome. Aliporudi Ufaransa alijitia katika kazi ya kupima nguvu za vitu. Mwaka 1785 aliwaonyesha wataalamu wa Paris chombo chake: kijiti chepesi kilichoning'inizwa kwa waya mwembamba sana. Chaji mbili zilipofukuzana, kijiti kiligeuka na waya ukajisokota kidogo. Coulomb alipima ule msokoto, akajua nguvu ya zile chaji. Akaona kwamba ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inapungua mara nne. Alikufa mwaka 1806. Mwaka 1881 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Paris, wakakubaliana kwamba kipimo cha chaji kiitwe kwa jina lake.

Je, kulombi moja ni kubwa namna gani? Ikiwa umeme wa amperi 1 unapita katika waya, basi kila sekunde kulombi 1 inapita. Ndani ya kulombi moja mna elektroni kama 6 240 000 000 000 000 000. Someni hivi: miliyari 6 na zaidi, mara miliyari moja.

Katika waya kulombi moja si kitu cha ajabu, kwa sababu chaji zinapita njia yake tu: zinazoingia ni sawa na zinazotoka. Lakini chaji ikikusanyika mahali pamoja na kukaa, mambo ni mengine. Fikirini mipira miwili midogo, kila mmoja una chaji ya kulombi 1, na umbali kati yake ni meta 1. Ingefukuzana kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 900 000 hivi. Ni uzito wa malori 90 000, kila lori tani 10! Hakuna mkono wala kamba ya kuizuia.

Sasa mnafahamu: kitana chenu hakiwezi kushika kulombi moja, wala nusu yake, wala sehemu yake ya elfu. Kupima chaji ya kitana kwa kulombi ni kama kupima chumvi ya mboga kwa gunia. Tunahitaji vipimo vidogo.

3. Ngazi ya vipimo

Mnajua kwamba meta ina watoto wake: sentimeta, milimeta. Kulombi nayo ina watoto. Tuwapange kama vipandio vya ngazi, mkubwa juu, mdogo chini:

Kulombi (C)
Milikulombi (mC)
Mikrokulombi (µC)
Nanokulombi (nC)
Pikokulombi (pC)

Mili limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya elfu. Mikro ni neno la Kiyunani, maana yake kidogo. Nano nalo limetoka kwa Wayunani, maana yake kibeti. Herufi µ ni m ya Wayunani. Tunaitumia ili mikro isichanganywe na mili.

Kutoka kipandio kimoja mpaka kinachofuata, hesabu ni moja tu: elfu.

1 C = 1 000 mC
1 mC = 1 000 µC
1 µC = 1 000 nC
1 nC = 1 000 pC

Basi kulombi moja ni milikulombi elfu moja, au mikrokulombi milioni moja, au nanokulombi miliyari moja. Ukishuka hadi pikokulombi, unapata miliyari elfu moja.

Shikeni kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza: ukishuka ngazi, zidisha kwa 1 000 kwa kila kipandio.
Kanuni ya pili: ukipanda ngazi, gawanya kwa 1 000 kwa kila kipandio.

Watoto wengi huyumba hapa. Wanasema: «Nakwenda kwenye kipimo kidogo, basi hesabu ipungue.» Sivyo. Mwangalieni mama anayeuza unga sokoni. Akiupima unga wa gunia moja kwa debe, anapata madebe machache. Akiupima unga ule ule kwa kikombe, anapata vikombe vingi sana. Unga haukuongezeka. Kipimo kimekuwa kidogo, ndiyo maana hesabu imekuwa kubwa. Kipimo kidogo, hesabu kubwa. Kipimo kikubwa, hesabu ndogo.

4. Tufanye hesabu pamoja

Hesabu ya kwanza. Kitana kina chaji ya nanokulombi 30. Ni pikokulombi ngapi? Kutoka nano hadi piko tunashuka kipandio kimoja. Tunazidisha: 30 × 1 000 = 30 000. Jibu: pikokulombi 30 000.

Hesabu ya pili. Nanokulombi 30 zile zile ni mikrokulombi ngapi? Sasa tunapanda kipandio kimoja. Tunagawanya: 30 : 1 000 = 0,030. Jibu: mikrokulombi 0,030. Kugawanya kwa elfu ni kusogeza mkato hatua tatu kwenda kushoto. Nafasi ikikosa tarakimu, tunaijaza kwa sifuri.

Hesabu ya tatu. Kitu kina nanokulombi 4 500. Ni milikulombi ngapi? Angalieni ngazi: toka nano twende mikro, toka mikro twende mili. Vipandio ni viwili. Tunagawanya mara mbili. Mara ya kwanza: 4 500 : 1 000 = 4,5; hizo ni mikrokulombi. Mara ya pili: 4,5 : 1 000 = 0,0045; hizo ni milikulombi. Msiruke kipandio, hata mkiwa na haraka.

Hesabu ya nne. Mpira mmoja una chaji chanya ya mikrokulombi 2. Mwingine una chaji chanya ya nanokulombi 500. Jumla ni ngapi? Asiyeangalia atasema 502. Lakini 502 za nini? Huwezi kujumlisha madebe na vikombe. Kwanza tuvilete vyote katika kipimo kimoja: mikrokulombi 2 ni nanokulombi 2 000. Sasa 2 000 + 500 = 2 500. Jibu: nanokulombi 2 500, au mikrokulombi 2,5.

Kabla ya kuandika jibu katika daftari, jiulizeni: Nimeshuka au nimepanda? Kama nimeshuka, je, hesabu imekuwa kubwa? Kama nimepanda, je, imekuwa ndogo? Maulizo haya mawili yanakamata makosa mengi.

5. Kuna nini ndani ya pikokulombi?

Pikokulombi ni kipimo kidogo sana. Lakini ndani ya pikokulombi moja mna elektroni zaidi ya milioni 6. Katika nanokulombi moja mna zaidi ya miliyari 6. Kwa hiyo kile kitana kilichovuta vipande vya karatasi kilikuwa kimepokea elektroni kwa mamiliyari, nanyi hamkuona hata moja ikipita.

Nani aliweza kupima chaji ya elektroni moja? Ni Mmarekani Robert Millikan. Tangu mwaka 1909 alitazama matone madogo ya mafuta yakielea hewani, akayasimamisha kwa nguvu ya umeme. Akaona kwamba chaji ya tone haiendi ovyo: ni ya elektroni moja, au mbili, au tatu, wala haipatikani ya moja na nusu. Alipewa tuzo la Nobel mwaka 1923. Tangu tarehe 20 mwezi wa tano mwaka 2019, vipimo vya umeme duniani kote vimesimamishwa juu ya chaji ya elektroni moja.

6. Simu na radi

Tazameni simu ya mkononi. Betri za simu nyingi zimeandikwa mAh. Maana yake ni miliamperi kwa saa moja. Hiki nacho ni kipimo cha chaji, lakini ngazi yake ni nyingine. Tuigeuze kuwa kulombi. Miliamperi 1 ni amperi 0,001. Saa moja ina sekunde 3 600. Basi 0,001 × 3 600 = 3,6. Yaani mAh 1 ni kulombi 3,6.

Betri ya mAh 5 000 itapitisha chaji ngapi? 5 000 × 3,6 = 18 000. Kulombi elfu kumi na nane!

Na radi je? Mmweko mmoja wa radi kwa kawaida huteremsha kulombi kumi na tano au ishirini hivi; mingine huteremsha zaidi. Mtoto mwenye kufikiri atauliza: «Simu ina kulombi 18 000, radi ina kulombi 20. Kwa nini radi inaua, nasi twalala na simu karibu na mto wa kitanda?»

Ulizo hili ni zuri. Jibu lake lina sehemu tatu.

Kwanza, betri haikusanyi chaji ya kuzidi. Elektroni zikitoka upande mmoja, nyingine zinaingia upande wa pili. Pili, betri inasukuma chaji zake polepole, kwa saa nyingi. Radi inateremsha zake katika sehemu ndogo tu ya sekunde. Tatu, msukumo wa betri ya simu ni kama volti 4. Msukumo wa radi ni volti mamilioni mengi. Maji yanayochuruzika kutoka mtungini siku nzima yanaweza kujaza pipa, wala hayamdhuru mtu. Maji machache zaidi, yakimwagwa mara moja toka juu ya mwamba mrefu, yanaweza kuvunja shingo. Kwa hiyo hesabu ya kulombi peke yake haitoshi. Lazima tuulize tena: zinapita kwa muda gani, na zinasukumwa kwa nguvu gani?

Linganisheni sasa radi na kitana. Radi ya kulombi 20 ni nanokulombi 20 000 000 000. Kitana chenye nanokulombi 20 kimepitwa mara miliyari moja. Ni kitu kimoja, lakini mmoja ni mchezo, mwingine ni kifo.

Jambo hili linatuhusu sisi. Wataalamu walihesabu mimweko ya radi kwa chombo kilichozunguka dunia huko juu, tangu mwaka 1998 hadi mwaka 2013. Hesabu yao ilitolewa mwaka 2016. Waliona kwamba katika Afrika yote mahali pa kwanza kwa wingi wa radi ni upande wa Kabare, mashariki ya Kongo: zaidi ya mimweko 200 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Duniani kote pamepitwa na mahali pamoja tu, ziwa Maracaibo la Venezuela.

Kwa hiyo, mkisikia ngurumo, acheni mpira, tokeni uwanjani. Tokeni majini, shukeni mtumbwini. Msikimbilie chini ya mti, kwa maana radi hupenda kupiga kitu kirefu. Ingieni katika nyumba imara, au katika gari lililofungwa lenye paa la chuma. Msiguse nyaya, wala simu inayochomekwa ukutani. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linaokoa watu. Wengine huogopa kumgusa mtu aliyepigwa na radi. Wanasema bado ana umeme mwilini. Si kweli. Chaji ile imekwisha kupita na kwenda katika udongo. Mwili wake haukubaki na kitu cha kuwadhuru ninyi. Kama ngurumo zinaendelea, mhamisheni upesi mahali salama. Iteni watu wakubwa mara moja. Kama hapumui, mtu anayejua aanze kukandamiza kifua chake bila kungoja, na mwingine akimbie kumwita muuguzi.

7. Ngazi moja, kazi nyingi

Ngazi hii si ya umeme tu. Muuguzi wa dispanseri anaitumia kila siku. Dawa nyingine hupimwa kwa miligramu, nyingine kwa mikrogramu. Miligramu 1 ni mikrogramu 1 000. Muuguzi akisoma miligramu mahali palipoandikwa mikrogramu, mgonjwa atapewa dawa mara elfu moja. Herufi imebadilika moja tu, na mtu anaweza kufa. Fundi wa radio naye anaitumia, na anayepima dhahabu, na anayepima maji ya kunywa.

Kosa la kujumlisha linaweza kuwa la moja au mbili. Kosa la kipandio kimoja ni la mara elfu. Kwa hiyo andikeni kipimo karibu na hesabu siku zote. Hesabu isiyo na kipimo ni kama mzigo usio na jina la mwenyewe: hakuna ajuaye uende wapi.

Maneno ya kushika

Chaji: uzidifu au upungufu wa elektroni katika kitu.
Kulombi: kipimo cha chaji, ni chaji inayopita kwa sekunde moja katika waya wenye amperi 1.
Kipandio: mahali pa kukanyaga katika ngazi.
Mmweko: mwanga wa radi unaotokea ghafula na kutoweka.

Maulizo

1. Kwa nini vipande vya karatasi viliruka kwenye kitana?
2. Coulomb alizaliwa mwaka gani, naye alipima nini kwa chombo chake?
3. Kwa nini hatupimi chaji ya kitana kwa kulombi?
4. Geuzeni: a) mikrokulombi 7 ziwe nanokulombi, b) pikokulombi 85 000 ziwe nanokulombi, c) kulombi 0,002 ziwe mikrokulombi, d) nanokulombi 600 ziwe milikulombi.
5. Jumlisheni mikrokulombi 3 na nanokulombi 250. Andikeni jibu kwa vipimo viwili.
6. Betri imeandikwa mAh 2 000. Itapitisha kulombi ngapi?
7. Sauti husafiri meta 340 hivi kwa sekunde. Umeona mmweko, ukahesabu sekunde 6, halafu ukasikia ngurumo. Radi ilipiga umbali wa meta ngapi? Je, inafaa kubaki uwanjani?
8. Jirani anasema: «Msimguse, bado ana radi mwilini.» Utamjibu nini, na utafanya nini?